Koti la Dereva

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Wiki ya tatu kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi. Asubuhi nilimweleza falsafa yangu: fundi halisi hashoni nguo, anashona maisha mapya. Alinisikiliza na pini mdomoni. Kisha akanipa suruali nikunje pindo.

Mzee wa pasi, tunamwita Mvuke, alicheka hadi akakohoa. Miaka thelathini anapiga pasi! Ndoto zake zote zimenyooka.

Mchana akaja mama mmoja, mjane wa dereva wa lori. Ameleta koti la marehemu. Kubwa, limefifia, linanuka tumbaku na mafuta ya gari. Anataka kifungo kimoja tu. Kifungo! Mwanamke mwembamba vile, atalivaaje asubuhi hizi za baridi? Shangazi akaniambia nishone kifungo. Nikasema ndiyo. Moyoni nikasema hapana.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Shangazi ameenda kununua vitambaa. Nafasi ndiyo hii.

Nimefumua bitana ya ndani, imechakaa, nikaitupa chini ya meza. Koti nimelifua mara mbili. Ile tumbaku ni kaidi! Mvuke akauliza kama mwenyewe ameagiza. Nikamjibu kwamba mwenye maono hasubiri kuagizwa. Akanyamaza. Hunyamaza hivyo akijua yuko sahihi. Tabia mbaya sana.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Nimepunguza mabega. Nimebana kiuno. Bitana mpya, ya buluu. Viwiko vilikuwa vimevimba na kujikunja kwa miaka ya kushika usukani. Mvuke amekataa kuvinyoosha. Eti ile ni mikono ya mtu. Ushirikina wa watu wa pasi! Nimenyoosha mwenyewe. Kazi yangu nimeifunika kwa shuka, shangazi aione pamoja na mteja.

Usiku sikulala kwa furaha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Mama amekuja saa nne. Nikafunua shuka.

Alilitazama. Akaingiza pua kwenye kola, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole koti lake liko wapi.

Nikamwambia ndilo hili, mama.

Akasema yeye akirudi kutoka kazini hulitundika kwenye kiti cha mezani. Mikono ilikuwa inakaa imekunjwa, kama marehemu ameketi anasubiri chakula. Miezi minane sasa. Akanishukuru. Akamuaga shangazi. Akaondoka nalo kifuani, limenyooka kama ubao.

Shangazi hakunifokea. Heri angefoka! Alikaa chini, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikiwa na umri wako niliharibu gauni la bibi harusi kwa nia njema kama hii yako. Nilimpunguzia shingo bila kumwuliza. Alilivaa akilia, na sikuwahi kumrudishia siku ile. Mtu akileta nguo, muulize. Kisha umsikie."

Nikaenda nyuma kukunja vitambaa. Sikuona vizuri. Vumbi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Mvuke alikuwa ameiokota ile bitana ya zamani kutoka chini ya meza tangu Jumanne. Haikufuliwa; bado inanuka tumbaku. Ameiweka kwenye mfuko, imefungwa vizuri. Hakusema neno. Sasa namchukia kidogo zaidi, maana nastahili maneno.

Tumeipeleka nyumbani kwa mama, mimi na shangazi. Aliifungua mlangoni, akajifunika nayo usoni. Mabega yakatikisika. Nikajikuta natazama viatu vyangu. Nikaomba radhi. Akanigusa kichwani kama anavyoguswa mtoto, akafunga mlango polepole.

Tukarudi kwa miguu. Shangazi alinishika mkono tukivuka barabara.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Nimetafakari Jumapili nzima. Nimekuwa mtu mwingine. Shangazi yuko sahihi: lazima kuuliza.

Leo amekuja mwalimu mstaafu na mkoba wake wa ngozi, zipu imekatika. Nimemwuliza, kwa adabu na kwa makini, kama anataka zipu tu. Amesema zipu tu. Nimemwuliza mara ya pili. Amesema zipu tu, kijana wangu.

Lakini niliisikiliza sauti yake. Ilikuwa inaomba mifuko mitatu, mkanda wa begani na rangi nyekundu.

Nimemwambia aje Alhamisi.