Karatasi Ishirini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa tano nikiwa daktari wa mafunzo. Zamu: saa ishirini na sita. Safari za kupeleka damu maabara: kumi na nne. Vidonda nilivyofundishwa kushona: sifuri. Mwenzangu tunayemwita Tai (ile ya shingoni, haivui hata akilala), anayembebea Daktari Bingwa mkoba, ameshaingia chumba cha upasuaji mara mbili. Imetosha. Nitagawa dodoso, wafanyakazi waseme wanatuonaje sisi wa mafunzo. Mganga Mkuu akisoma, hana budi kutufundisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimegawa karatasi arobaini. Sista wa wodi kauliza nani anaangalia dripu. Nikamweleza kuwa huu ni utafiti. Akasema mzee wa kitanda cha sita naye ni utafiti, dripu yake imekwisha. Nikatimua mbio.

Alhamisi, 6 Machi
Zimerudi kumi na moja. Tisa zinasema tunadeka. Enzi zao walikesha siku tatu na hawakufa. Moja ina mchoro wa daktari anayekoroma. Viatu ni vyangu. Moja tu, mwandiko wa kupendeza: "Wanatumwa mno, hawafundishwi." Lazima ni Bingwa. Ishirini na tisa zilizobaki nimeziokota tupu wodini, nikazijaza mwenyewe. Kalamu nne, mkono wa kushoto pia. Sikula mchana.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Mganga Mkuu kazisoma zote, taratibu. Akasema hizi ishirini na tisa zina mwandiko wa mlevi mmoja. Nikakiri. Akauliza, "Daktari, mwenye nafasi ya kujaza zote hizi, kazi zimemzidi wapi?" Kicheko. Tai akacheka mpaka akalegeza tai.

Sista akasimama. Ule mwandiko mzuri ni wake. Akasema, "Huyu ni mwongo. Lakini juzi kaupata mshipa wa mtoto aliyetushinda sote, na hakuna aliyemfundisha. Hawa ndio watakaotutibu sisi tukizeeka."

Uamuzi: kila Jumatano mafunzo kwenye upasuaji, na zamu isizidi saa kumi na sita. Kwa wote. Mimi nianze baada ya wiki mbili za kupanga mafaili masjala.

Jumatatu, 10 Machi
Masjala. Vumbi. Wakati wa chakula Sista kaja na uzi na kipande cha sponji, kanifundisha kushona. Mafundo tisa yamefunguka, la kumi likakaza. Sijawahi kufurahi hivi. Akaniambia karatasi yake moja ya kweli ingetosha. Nikakubali kwa moyo wote.

Alipotoka nikaona sanduku la maoni ya wagonjwa. Tupu. Wengi wao hawana kalamu. Nitawasaidia.