Macho ya Binti, Ufundi wa Baba

Jumatatu, 6 Mei
Mke wangu kaondoka asubuhi. Semina ya kazini, siku sita. Kaniachia binti yetu wa miaka miwili na nusu na agizo moja: likitokea lolote, nimwite mama yake mzazi. Nimeitikia kwa adabu zote. Siiti mtu. Mama mkwe alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi hata soksi sijui kumvalisha mtoto. Wiki hii atanyamaza.

Jumanne, 7 Mei
Binti kaamka na jicho moja halifunguki. Tongotongo za manjano, kope zimegandana kama zimepakwa gundi. Jirani yetu, muuguzi mstaafu tunayemwita Sista, katuona uani akaja bila kuitwa. Maelekezo marefu! Ninawe mikono. Nichemshe maji, yapoe. Nilowanishe pamba safi, nifute taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, kila mpanguso pamba mpya. Taulo la mtoto lisiguswe na mtu mwingine. Dawa nisijitungie, nimpeleke zahanati wamwangalie.

Nimemshukuru mpaka akaondoka. Mtu nimetengeneza vyerehani miaka kumi na minne, leo nifundishwe kufuta jicho? Halafu zahanati haiendeki. Mapokezi yupo shangazi wa mke wangu. Habari ingemfikia mama mkwe kabla sijapata kiti.

Nimefuta macho yote mawili kwa pamba moja. Kazi ya dakika moja.

Jumatano, 8 Mei
Sasa ni macho yote mawili. Ajabu sana.

Mwalimu wa kituo cha watoto katurudisha mlangoni. Nimemwambia ni vumbi tu. Kanijibu, wazazi wengine wakisikia, kwamba vumbi haliambukizi. Yule mama tangu zamani hanipendi.

Nyumbani nimepekua droo, nikapata kichupa cha matone. Maandishi yamefutika, limebaki "ya sik". Nimeamua ni "ya siku", yaani tone moja kwa siku. Lakini mimi si mzazi mzembe. Nimejijaribu mwenyewe kwanza.

Nimezunguka sebule mara nne nikiwa nimeshika uso. Yalikuwa ya sikio. Nimeosha jicho kwa maji mengi, na kichupa nimekitupa. Binti alicheka sana, akataka nirudie.

Alhamisi, 9 Mei
Mama mkwe kapiga simu ya video. Nimejiandaa: binti nimemvalisha miwani ya jua ya mama yake, mimi nimevaa yangu. Nikasema jua la leo ni kali mno. Akauliza mbona tumekaa sebuleni. Mtandao ukakatika. Yaani, niliukata.

Muda si mrefu nimemvua binti miwani anywe uji. Kope zimevimba. Mwili unachemka. Akanyoosha mkono kushika kikombe, akakikosa. Akajaribu tena, akakikosa tena, kisha akaniita baba kwa sauti ndogo, kana kwamba sipo mbele yake.

Hapo ujanja wote ulinitoka. Nimembeba, nikagonga kwa Sista bila viatu. Hakunisema. Kachukua mkoba wake tukaenda zahanati kwa miguu, haraka. Shangazi alikuwepo mapokezi. Simu aliishika kabla sijamaliza salamu.

Daktari kasema tumewahi, macho yenyewe hayajadhurika, ila siku mbili zaidi zingekuwa habari nyingine. Kampa dawa ya kunywa na matone. Kisha kanitazama mimi, akaniuliza jicho langu jekundu limefanywa nini. Nikasema vumbi.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa kibarazani na begi lake. Kampokea mtoto, kamlaza begani. Ndipo akasema polepole, "Mwanangu, kuomba msaada si aibu. Aibu ni ile miwani."

Nimeliingiza begi lake ndani.

Ijumaa, 10 Mei
Kumtia matone mtoto wa miaka miwili ni vita. Tone la kwanza kwenye shavu langu. La pili kwenye kitambaa cha meza. La tatu sijui lilikwenda wapi. Mama mkwe kanisogeza kwa kiwiko. Kamlaza chali, kamwambia afumbe macho ahesabu vidole vyake, kadondosha tone pembeni karibu na pua. Binti alipofumbua, likaingia lenyewe. Bahati tu.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu karudi. Homa imekwisha, uvimbe umeshuka, macho ya binti meupe, japo matone tutayaendeleza hadi zitimie siku alizosema daktari. Mke wangu kayatazama kwa muda mrefu, kisha kanitazama mimi. Shangazi alishamsimulia yote, pamoja na viatu. Kanishika mkono, akasema tuyaache. Mke wa dhahabu.

Na sifa zimeanza kuenea. Mchana kaja mshona viatu wa ng'ambo ya barabara, chokea limemvimba kwenye kope. Kasikia kwetu macho yanapona. Nimemwambia zahanati ni kupoteza muda, akae kwenye kiti karibu na dirisha, ainue uso.

Mke wangu kaniuliza naelekea wapi na koleo. Nimemwambia kazini.