Leza Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimetema damu tena kwenye sinki. Jino la mbele la kushoto linacheza. Mpiga tarumbeta asiye na jino la mbele hana kazi kwenye bendi. Mpiga tarumbeta wa pili kaniuliza hali, kwa upole mno. Anakimezea mate kiti changu, mnafiki mkubwa!

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa meno amesema fizi zinaumwa. Jino likitunzwa, huenda likashika tena. Nikamuuliza kama leza, ule mwanga mkali wa kuua vijidudu vya fizi, inaponya kweli. Akajibu kwamba inasaidia kiasi, lakini kazi kubwa ni kukwangua ukoga, halafu mswaki asubuhi na jioni. Mswaki! Kasoma miaka yote hiyo aje kuniambia mswaki.

Alhamisi, 6 Machi
Amekwangua pande zote mbili. Leza kapiga kushoto tu, ndiko kubaya zaidi. Nikiwa nimeachama pale kitini, wazo likanijia. Nitaipima leza mwenyewe! Kulia nitapiga mswaki. Kushoto sigusi, leza ifanye kazi bila kuingiliwa. Mke wangu amesema akili ninazo, ila zimekaa pabaya. Nimeshukuru.

Jumamosi, 15 Machi
Kulia: hakuna damu, hakuna uvimbe. Kushoto: fizi nyekundu kama nyanya, na harufu. Bila shaka leza bado inachimba uchafu. Mke wangu siku hizi anakaa upande wangu wa kulia tu. Kasema ni kwa sababu ya feni.

Ijumaa, 28 Machi
Mazoezi. Nimepuliza noti ya juu, jino likatoka. Likadondoka kwenye karatasi ya muziki. Mpiga wa pili kaliokota, kanikabidhi kwa mikono miwili, akanipa pole. Kisha akakaa kwenye kiti changu. Kiongozi wa bendi akahesabu, wakaanza upya bila mimi. Nimelia chooni. Wala si kwa maumivu.

Jumapili, 30 Machi
Nimetulia, nimefikiri. Matokeo hayadanganyi: kulia kumepona kabisa. Maana yake leza ilipita moja kwa moja ikaenda kufanya kazi upande wa pili! Daktari alilenga vibaya na hajui. Kesho nitamwomba apige kulia ili kushoto kupone, kabla jino la jirani halijafuata. Na safari hii sitaki kuharibu kipimo. Mswaki nauacha pande zote.