Ubao Uliokomaa Kihistoria

Halmashauri ya Wilaya ya Wirradeen ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba nyumba ya Bi Noreen Haddrick, Mtaa wa Stesheni, haikuwa tena nyumba. Kuanzia asubuhi hiyo ilikuwa Urithi. Tangazo lilisomwa kwenye ngazi za ofisi na Bwana Mervyn Tuckwell, Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi, mbele ya wananchi waliokuja kulipia leseni za mbwa.

Mervyn alilisoma kwa sauti ya mtu anayezindua meli. Alikuwa ameumia moyoni kwa muda mrefu. Wilaya jirani zilikuwa na mahakama za mawe, gereza la zamani, hata daraja ambalo watalii walilipiga picha. Wirradeen ilikuwa na maghala ya ngano na barabara ya kutokea. Ndipo siku moja, akipita polepole kwa gari, akaiona nyumba ya Bi Noreen: kuta za mbao zilizolaliana, paa refu la mabati lililochongoka, nakshi zilizochongwa kuzunguka baraza, kioo cha rangi kando ya mlango. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, makoloni yalipoungana kuwa nchi moja, na tangu hapo ilikuwa ikiinamia kushoto taratibu. Mervyn alisimamisha gari. Alihisi kitu ambacho baadaye, katika ripoti, alikiita mwitikio wa kitaalamu. Ukweli ni kwamba alilia kidogo.

Bi Noreen alizipata habari kwa Mervyn mwenyewe, aliyefika na kibao cha shaba na bisibisi.

"Hongera sana, Noreen. Unaishi ndani ya umuhimu."

"Naishi ndani ya mvua," alisema Noreen. "Paa linavuja. Lakini hilo baadaye. Umeniletea kibali cha njia ya kiti?"

Mumewe, Les, aliyekata manyoya ya kondoo maisha yake yote, alikuwa hospitali. Sukari ilikuwa imemla mguu, madaktari wakaukata, na sasa walikataa kumruhusu arudi nyumbani mpaka pawe na njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu, na sakafu ya baraza isiyobonyea. Vinginevyo wangempeleka kwenye makao ya wazee kule pwani, mbali kiasi kwamba Noreen angemwona Krismasi na Pasaka. Jirani yao Darryl, seremala, alikwisha pakia mbao mpya kwenye pikapu yake na alikuwa ameziegemea akingoja neno.

Mervyn alivuta pumzi kwa huruma. "Njia ya mteremko ingekatiza mazungumzo kati ya ngazi na bustani."

"Ngazi na bustani zinazungumza?"

"Kiusanifu."

"Les naye angependa kuzungumza. Wamemlaza na mzee anayekoroma akiwa macho."

"Na hizi mbao za baraza?" aliuliza Darryl. "Zimeoza, bwana. Ukizitazama vibaya zinavunjika."

"Hazijaoza. Zimekomaa kihistoria."

"Zina mchwa."

"Wakazi wa muda mrefu," alisema Mervyn, akaendelea kufunga kibao.

Alieleza kanuni, ambayo aliitunga mwenyewe na kuipenda kama mtoto wake: kila kilichokuwa sehemu ya jengo siku ya kutangazwa kingebaki kama kilivyokutwa. Darryl alikuna shingo.

"Nikipiga msumari?"

"Faini."

"Nikiung'oa?"

"Faini kubwa zaidi."

"Nikiegemea ukuta?"

"Egemea kwa heshima."

Noreen hakucheka. Alimwambia kwamba yeye hakuomba jumba la makumbusho, aliomba arudishiwe mume wake. Maneno hayo yalimgusa Mervyn. Siku ileile alimtumia Les hospitali picha kubwa ya nyumba yake, ndani ya fremu nzuri, ili asiikose.

Siku ya uzinduzi rasmi jua liliwaka vizuri. Meya alikuja na mkufu wake wa cheo. Watu wa zimamoto wa kujitolea walichoma soseji. Palikuwa na mwandishi wa gazeti la wilaya, na palikuwa na Bi Lorraine Skewes, makamu mwenyekiti, mwanamke aliyeamini kila neno ambalo Mervyn aliwahi kulitamka, jambo ambalo hata mke wa Mervyn hakulifikia.

Mervyn alipanda barazani kuhutubia. Alizungumzia mababu. Alizungumzia uimara. "Sakafu hii," alisema, "iliwabeba waliojenga taifa, na itawabeba wajukuu wetu," kisha akapiga mguu chini ili kulitilia neno mkazo.

Sakafu ilimpokea mpaka kiunoni.

Watu walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mervyn alijaribu kujiinua, lakini mbao zilikuwa zimemshika kiuno kama mtego, na kila alipojisukuma zilimchoma. Darryl alikwenda kwenye pikapu akarudi na msumeno wa injini.

"Weka hiyo chini," alisema Lorraine.

"Mwenyekiti amekwama."

"Naona kwamba amekwama. Lakini huo ni ubao wa urithi."

"Lorraine," alisema Mervyn kwa upole wa kiuongozi, "natoa kibali cha dharura."

"Huwezi, mwenyekiti. Katika hili una maslahi binafsi."

"Maslahi gani?"

"Miguu yako."

Kamati ilikutana papo hapo kwenye majani, na sahani za soseji magotini. Mjadala ulikuwa wa hali ya juu. Iliamuliwa kwamba mshauri wa majengo aitwe kutoka mjini, ambaye angeweza kufika wiki ijayo, na kwamba kwa sasa mwenyekiti abaki kama alivyokutwa. Meya alitazama saa, akakumbuka ufunguzi wa choo cha umma mahali pengine, akaondoka. Lorraine alimzungushia mwenyekiti kamba.

Halafu wakaja watalii. Walikuwa mume na mke wastaafu wakivuta nyumba yao ya magurudumu, wa kwanza kusimama Wirradeen kwa hiari. Walipiga picha kutoka kila upande.

"Huwa yupo hapa kila siku?" mwanamke alimuuliza Lorraine.

"Bado tunalijadili," alisema Lorraine.

Noreen alimletea Mervyn chai, akamvika kofia ya Les, maana utosi ulikuwa umeanza kuiva. Akavuta kiti akakaa karibu naye, ndani ya kamba.

"Unaumia?"

"Kuna kitu kinanitambaa mguuni."

"Watakuwa wale wakazi."

Noreen alikoroga chai yake.

"Les naye yuko hivyohivyo," alisema. "Watu wanakuja, wanasimama kidogo, wanaambiana neno juu ya kichwa chake, wanaondoka. Jana aliniuliza kama nyumbani bado kuna nafasi yake. Mwanamume niliyezaa naye watoto, ananiuliza kama kuna nafasi."

Mervyn alitazama kikombe chake. Alitaka kusema jambo kuhusu thamani ya kudumu, akagundua kwamba lililomkaa akilini kwa wakati huo ni choo.

"Lorraine," aliita. "Andika. Mbao hizi zimeoza."

"Zimekomaa kihistoria."

"Zimeoza, Lorraine. Paa linavuja. Hii ni nyumba. Watu wanaishi humu."

Lorraine alimkodolea macho kama muumini aliyemsikia mchungaji akitukana. "Unasema hivyo kama mwenyekiti, au kama sehemu ya jengo?"

Mervyn alifikiri kwa uaminifu. "Kama mtaalamu."

Basi kura zikapigwa, nyumba ikafutwa kwenye orodha, na kabla mkono wa mwisho haujashuka Darryl alikwisha washa msumeno. Walimvuta Mervyn kwa makwapa. Alitoka na suruali iliyochanika na kiatu kimoja. Cha kushoto kilibaki chini, gizani, na yeye hakusubiri kukitafuta; alikimbilia nyuma ya nyumba, ambako choo kilikuwa.

Les alirudi nyumbani kabla wiki mbili hazijaisha. Darryl alimsukuma juu ya mteremko mpya, mzee akipapasa reli ya baraza kwa kiganja kama anayemsalimia farasi.

Mervyn alipokuja kuomba kiatu chake alimkuta Lorraine, mwenyekiti mpya, amelala kifudifudi kwenye majani, kichwa chini ya sakafu, akimulika tochi.

"Jengo limefutwa," alimweleza bila kutoka. "Ardhi iliyo chini yake haijafutwa. Kilichopatikana humu kinabaki humu. Kanuni ni yako."

"Ni kiatu changu."

"Kilikuwa chako."

Les alisikiliza yote kutoka kwenye kiti chake. Akamnong'oneza Noreen, naye akaingia ndani, akatoka na kiatu cha ngozi cha kushoto, kizee lakini kimepigwa rangi.

"Chukua, bwana," alisema Les. "Miye cha upande huo sina kazi nacho tena."

Mervyn alikaa kwenye mteremko akakivaa. Kilimtosha. Alikifunga kamba kwa uangalifu, fundo mara mbili. Ndipo tochi ikazimwa, na kichwa cha Lorraine kikachomoza kutoka chini ya nyumba.

"Samahani, Les," alisema. "Kiatu hicho kimekaa humu ndani tangu lini?"

Mervyn alinyanyuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari, kwanza kwa heshima, kisha kwa kasi.