Kilo za Kwenye Karatasi

Jumamosi, 1 Machi

Wamefika! Mbwa mmoja, paka mmoja, wote wameokolewa mitaroni. Wameletwa na binti yangu mwenyewe, daktari wa wanyama. (Bado hajamaliza. Amebakiza mtihani mmoja wa vitendo pale kwenye kituo cha wanyama waliookolewa. Mimi nimeshaanza kumwita daktari, asije akashtuka baadaye.)

Sisi ni walezi wa muda. Maana yake tunawatunza hapa nyumbani mpaka wapate familia ya kudumu. Binti yangu amenisomea masharti kama hakimu. Mbwa akae sebuleni, paka bafuni, na wasionane kwa majuma mawili. Chakula chao kisiwe chetu. Mifupa ya kuku marufuku. Mbwa atembezwe asubuhi na jioni. Na nisiwape majina, kwa sababu familia mpya itataka kuwapa yake. Nikasema nimeelewa, mwanangu, mimi nimelea watoto wanne.

Mbwa nimemwita Profesa. Paka nimemwita Karani, kwa jinsi anavyokutazama kama umekuja bila kujaza fomu.

Baba Watoto aliuliza yeye ataoga wapi. Nimemwambia aongee na Karani.

Jumapili, 2 Machi

Kuna fomu! Mzani mkubwa wa kituo umeharibika, kwa hiyo kila mlezi anapima mnyama wake nyumbani, anajaza fomu na kuituma kwenye kundi la simu. Karani hana shida, anaenea kwenye mzani wa unga. Kilo tatu, na alinikwaruza mara moja tu.

Shida ni Profesa. Hatulii kwenye mzani. Binti yangu amenifundisha njia: unambeba, unapanda naye, unaandika. Kisha unapanda peke yako, unaandika. Unatoa. Kinachobaki ni mbwa. Akili za mwanangu!

Tukapanda. Mia na tano. Sawa, tulikuwa wawili.

Nikapanda peke yangu. Tisini na moja.

Nikashuka. Nikavua kitenge. Nikavua hereni. Nikapanda. Tisini na moja. Mzani umekaa bafuni muda mrefu, labda unyevu umeuingia.

Sasa, kwenye kundi lile wamo walezi ishirini na sita. Yumo Mama Glavu, jirani yangu, muuguzi mstaafu, analea paka wadogo watatu na huwashika kwa glavu hata anapowasalimia. Mwanamke yule nimwambie mimi nina kilo tisini na moja? Afadhali nimwambie siri za ndoa yangu.

Nimeandika: mlezi na mbwa, 105. Mlezi peke yake, 83. Mbwa, 22. Hesabu imekubali. Nimeikagua mara mbili.

Jumatatu, 3 Machi

Makofi kwenye kundi! Wamesema Profesa ni mzito kuliko anavyoonekana. Nimewajibu kwamba ni mfupa, na kwamba kwetu hata watu tuko hivyo.

Halafu Mama Glavu akatuma kwamba paka wake wameongezeka gramu mia kila mmoja. Kaweka na picha. Paka watatu wamepangwa kwenye taulo kama maandazi. Akapata makofi kuliko mimi.

Gramu mia! Hiyo si ni kijiko cha mchuzi?

Nikapima tena. Mia na tano ileile. Nikaandika mlezi 81, mbwa 24. Makofi yakarudi nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Leo mia na sita. (Profesa anaacha chakula kwenye sahani ninapomkaangia maini. Najua masharti, lakini sipendi kuona maini yanatupwa, nayamalizia mimi.) Nimeandika mlezi 79, mbwa 27.

Kundi limechanganyikiwa kwa furaha. Mbwa kaongezeka kilo tano kwa siku nne! Na wengine wameona kwamba mimi nimepungua kilo nne. Wakaanza kuniuliza kwa faragha ninakula nini. Nimewashauri wanawake saba. Maji ya uvuguvugu na kutokasirika.

Mama Glavu yeye kaandika palepale hadharani: inaelekea kilo hazijatoka kokote, zimemhama mlezi tu zikaingia kwa mbwa. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba wivu nao unapimwa, tatizo ni mzani wa kuubeba.

Baba Watoto alisoma, akanitazama, akamtazama Profesa, akaendelea kula. Huyu mume hata akiona nyumba inaungua atasema joto limezidi leo.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi. Binti yangu kapiga simu, sauti inaruka kwa furaha. Kesho ndiyo siku ya mtihani wake wa mwisho. Anatakiwa kumlaza mnyama usingizi kwa sindano na kumhasi, mwalimu wake akimtazama. Na katika wanyama wote amemchagua Profesa!

Nikapiga kigelegele. Nikamuuliza kwa nini yeye. Akasema kwa sababu kumbukumbu zake ndizo zilizojazwa vizuri kuliko zote. Siku kwa siku, bila pengo. Kamwambia mwalimu kwamba mlezi ni mama yake mzazi, na mwalimu akasema inaonekana umakini huo ameurithi.

Kigelegele kikanikwama.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, dawa ya usingizi mnapimaje. Akasema kwa kilo, Mama. Kilo ngapi, dawa kiasi fulani. Nikamuuliza zikikosewa kidogo? Akasema kidogo si neno. Nikamuuliza, na kama mbwa ni nusu ya alivyoandikwa?

Akacheka. Akasema, basi huyo haamki, Mama. Na mimi siwi daktari.

Saa tano. Mpango wa kwanza: Profesa afike kilo ishirini na saba kabla ya kesho. Zimebaki kumi na tatu tu. Nimempa uji, maini, wali, maini. Alikula kwa moyo mmoja. Kisha akatapika vyote ndani ya kiatu cha Baba Watoto, kiatu kimoja, bila kumwaga pembeni. Mbwa mstaarabu. Tumerudi kumi na nne.

Saa nane. Mpango wa pili: nimepiga simu kwamba Profesa anakohoa. Binti yangu akasema nimweke simu mdomoni amsikie. Profesa alikuwa amelala. Nikakohoa mimi. Akasema, Mama, kapumzike, kesho nitamwona mwenyewe.

Saa tisa. Mpango wa tatu: nimepiga kituoni kwa namba nyingine, nikabana pua, nikajitambulisha kama raia mwema. Nikasema nimemwona mbwa fulani akitembezwa na mama mmoja mrembo, na kwa macho yangu mbwa huyo ni mwembamba sana, apimwe upya. Aliyepokea alikuwa binti yangu. Akasema, Mama, hayo mafua yamezidi, kunywa kitu cha moto.

Baba Watoto alikuwa anasafisha kiatu. Akasema kuna mpango wa nne: mwambie. Nikamuuliza, yeye anajua nini? Akasema amenibeba siku ya harusi, na kwamba hata siku ile haikuwa sabini na tisa.

Nitamwambia kesho. Kwa siri, sikioni.

Ijumaa, 7 Machi

Lazima niandike yote leo.

Kituoni tumefika mapema, mimi na Profesa na Baba Watoto, aliyekuwa amekumbatia kitu kimefungwa kwa taulo. Sikumuuliza. Nilikuwa na yangu. Na kwenye benchi alikaa nani? Mama Glavu, na paka wake wa chanjo. Akanisalimia vizuri, akanitazama kuanzia juu hadi chini taratibu, akasema, shoga, kweli umepungua.

Wakamchukua Profesa mikononi mwangu kabla sijasema neno. Nikataka kuingia. Mtu wa mapokezi akasema mtihani umeanza, haruhusiwi mtu. Nikasema mimi ni mama wa daktari. Akasema hongera, kaa.

Chumba chenyewe kina dirisha la kioo. Nikamwona mwanangu, koti jeupe, nywele amezifunga vizuri kama nilivyomfundisha. Nikachukua karatasi nikaandika 91 kubwa, nikaibandika kwenye kioo. Akaiona! Akatabasamu. Akanionyesha dole gumba. Alidhani ni alama ninazomwombea.

Kisha akashika fomu. Fomu yangu. Akasoma, akavuta dawa kwenye sindano. Ilijaa. Profesa alikuwa juu ya meza anamlamba kiwiko.

Nikasukuma mlango.

Nikasema, tisini na moja!

Chumba kizima kikageuka. Mwalimu akauliza huyu ni nani. Nikasema tena, tisini na moja! Mimi! Siyo sabini na tisa! Sauti nikaisikia inarudi kutoka mwisho wa korido, maana mlango niliuacha wazi na benchi zima lilikuwa limesimama.

Hakuna aliyeelewa. Baba Watoto akachungulia nyuma yangu akasema, ni kilo. Zake. Mbwa ana kumi na nne.

Mwanangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitazama sindano, akaiweka chini taratibu sana. Akamwambia mwalimu kwamba hawezi kuendelea kwa uzito anaoutilia shaka, anaomba mnyama apimwe upya. Mwalimu akamuuliza kwa mzani gani. Baba Watoto akafungua taulo. Mzani wetu wa bafuni! Mume wangu kaubeba njia nzima.

Nikapanda na Profesa mbele ya watu wote. Mia na sita. Nikapanda peke yangu. Tisini na mbili. (Moja ni ya viatu. Nimeiandika hapa ili ijulikane.) Mbwa, kumi na nne.

Mwanangu akamwaga dawa karibu nusu. Nikaiona ikitiririka kwenye sinki, ile nusu. Nilikaa sakafuni pale koridoni, na Mama Glavu akavua glavu, akanishika mkono. Mkono wake ni laini, kumbe.

Profesa aliamka baada ya saa moja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujaribu kutingisha mkia, akaanguka kwa ubavu, akajaribu tena.

Mwanangu amefaulu! Mwalimu alisema kukata na kushona wengi wanaweza, ila kuiweka sindano chini mbele ya mtahini si kila mtu. Nikamwambia hilo nalo amerithi. Binti yangu akaniambia ninyamaze.

Baadaye tulikaa wawili nje, kwenye ngazi. Akaegemeza kichwa begani kwangu kama alipokuwa darasa la kwanza. Akasema, Mama, ningemuua. Mkono wangu mwenyewe.

Nikaushika mkono huo, nikaomba msamaha. Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Kundi limepata utaratibu mpya. Mlezi hapimi tena peke yake, lazima awepo shahidi. Kwa mtaa wetu shahidi ni Mama Glavu. Atakuja kila asubuhi. Nimeshampikia chai. Kesho nitapima kabla ya chai.

Wale wanawake saba wameandika kwamba maji ya uvuguvugu hayajasaidia. Nimewajibu kwamba sehemu ngumu ni ile ya kutokasirika.

Jumamosi, 15 Machi

Majuma mawili yametimia. Tumemfungulia Karani mlango wa bafuni. Alitoka, akamkuta Profesa, akamnusa, akampiga kofi moja la utambulisho, wakalala kwenye kapeti moja. Baba Watoto aliingia bafuni akakaa humo dakika arobaini. Tulimsikia akiimba.

Saa nne wakaja watu wa kumchukua Profesa. Mume na mke, wapole, wana uwanja wenye majani. Waliniuliza jina lake. Nikasema hana, ni sharti. Wakasema basi watamwita Simba. Profesa akaitika mara ya kwanza walipomwita, msaliti.

Niliwaeleza yote: atembezwe mara mbili, anaogopa ufagio, ukimpa dawa ifiche kwenye kiazi, analala vizuri akisikia watu wanaongea. Mwanamke yule akaandika kila kitu. Lango lilipofungwa niliingia jikoni nikakata vitunguu sita. Hatukuwa na haja ya vitunguu.

Binti yangu alipiga akasema ndiyo kazi yenyewe hiyo, Mama, kuwapenda na kuwaachia. Halafu akasema kwa jinsi nilivyomtunza, kituo kinataka nichukue wengine. Machozi yakakauka palepale. Nikasema leteni fomu!

Jumanne, 18 Machi

Fomu mpya haina mahali pa kuandika uzito wa mlezi. Maendeleo hayo. Nimeijaza kwa ukweli mtupu kuanzia juu hadi chini. Vyumba vitatu, uzio mzima, mume mmoja.

Ila kuna mstari unauliza umri wa mlezi. Na fomu, nimeambiwa, itapita kwa Mama Glavu kama shahidi.

Mimi nina hamsini na nane. Nikaandika arobaini.

Binti yangu kapiga simu saa saba. Kaniuliza kama nakumbuka yeye ana miaka ishirini na sita. Nikamwambia kwamba kitu kidogo kama hicho hakimdhuru mnyama yeyote, na kama hesabu inamsumbua, yeye naye apunguze wake, tugawane mzigo. Kisha akanieleza kwamba umri huo ndio wanaotumia kugawa wanyama. Wenye hamsini na kuendelea wanapewa paka wazee, wa kulala tu mapajani. Walio chini ya hamsini, wenye nguvu za kukimbia, wanapewa watoto wa mbwa.

Wameshaniandika saba. Wanakuja Alhamisi. Wanaharisha.

Baba Watoto aliuliza kama bado kuna muda wa kupiga simu kusahihisha. Nimemwambia ajifunze kuniamini, na aniletee tambara la kudekia. Lile kubwa.