Usambara kwa Kreti Mbili za Soda

Jumanne, 15 Julai 2025

Siku kubwa Kariakoo! Mzee Muhiddin, mwenye duka la baiskeli ninalolitumikia mwaka wa kumi na moja sasa, anafungua tawi Ilala. Baiskeli za safari tupu: za milimani, za mabegi mawili nyuma, za watu wenye likizo. Meneja atakuwa mimi au Ammar. Kiti cha meneja kina magurudumu. Nimeshakikalia mara mbili Mzee alipoenda kuswali.

Sharti ni moja. Mzee anasema mtu hawezi kuuza baiskeli ya milimani wakati mlima anaujua kwa picha. Kila mmoja wetu apande basi hadi Mombo, kisha aendeshe peke yake: Soni, Lushoto, msitu wa Magamba, Mlalo, na kurudi Mombo. Kilomita mia na thelathini. Tutapewa baiskeli mpya za dukani zenye mita ya kuhesabu kilomita.

Ammar ameuliza kama kule juu kuna baridi. Huyu ana miaka miwili tu dukani na bado anawaambia wateja ukweli. Nimecheka sana. Mimi njia ile naijua nje ndani, wateja nimewasimulia kona za Soni miaka yote hii. Kuna tatizo dogo tu. Sijawahi kufika.

Nimemwambia Rachel, mke wangu, kwamba umeneja nimeshapata. Naye ameshawaambia wanakwaya wenzake. Kwaya nzima!

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi. Nimeamka alfajiri kuupanda mlima wa Kimara. Katikati nikashuka kukagua mnyororo. Mnyororo mzima. Nikaukagua dakika arobaini. Mama mwenye ndoo ya maandazi kichwani akanipita, akanipa pole, akapotea juu. Nimerudi kwa bajaji.

Ammar ameondoka leo na koti la mvua na biskuti. Maskini.

Jioni nimepata wazo. Mzee kazungumza habari za milima, lakini atakachosoma ni mita. Mita haijui Lushoto iko wapi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeagwa kishujaa. Mzee kaniombea dua. Nikaondoka kwa madaha kuelekea stendi, nikakata kona ya kwanza, nikaingia Ilala kwa dada yangu Angelina, anayepika chakula cha kuuza. Nimemweleza mpango. Amesema ada niliyolipiwa shule ingenunua mbuzi wazuri. Kisha akanipa chumba cha uani, nami nimmenyee vitunguu.

Sasa ufundi. Ekseli ya nyuma juu ya kreti mbili za soda, gurudumu linaelea. La mbele nimelifunga kwenye mguu wa kitanda. Mita ilikuwa inasoma gurudumu la mbele, nimeihamishia nyuma kwa dakika nne. Wataalamu tupo wachache.

Kilomita arobaini! Nimefika Lushoto na kupitiliza bila kuvuka kizingiti. Chumba ni cha bati na jua lilikuwa utosini. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la dukani: "Nimepita maporomoko ya Soni. Baridi kali. Mungu fundi." Mzee kajibu mashallah.

Jumamosi, 19 Julai

Kilomita hamsini. Mapaja yanawaka moto. Nimegundua jambo ambalo hakuna aliyenionya: milimani kuna kushuka. Kwenye kreti ukiacha kukanyaga, kilomita nazo zinaacha.

Mzee akaomba kusikia sauti ya msitu. Anasema alipita Magamba ujanani na ukimya wake haujamtoka hadi leo. Nikafunga dirisha, nikarekodi kwa kunong'ona: "Sikiliza, Mzee. Ukimya mtupu." Kikapita kipaza sauti barabarani: "Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Chawa!" Kidole kilikuwa kimeshatuma. Nimeeleza kwamba siku hizi biashara imefika mbali. Mzee kajibu kwa dole gumba. Sijalipenda lile dole gumba.

Ammar naye kaandika. Ameisukuma baiskeli karibu nusu ya njia ya kwenda Soni. Mvua imemnyeshea msituni, akateleza kwenye mto, kiatu kimoja kikaenda na maji. Anayaandika haya mbele ya watu! Mtu wa namna hii atasimamiaje tawi?

Jumapili, 20 Julai

Arobaini za mwisho, na mbili za heshima. Katikati Rachel kapiga simu kutoka kanisani. Kwaya imeniombea nisianguke korongoni. Nikaona aibu, kweli kabisa. Ilidumu kama dakika moja.

Mchana nimeirudisha mita mbele, kisha matope. Nimeshuka bonde la Msimbazi, nikapaka fremu, breki na hasa matairi. Zawadi pia ni lazima, hakuna anayetoka Lushoto mikono mitupu. Nimenunua kabichi tatu na fungu la karoti sokoni. Muuzaji anaapa zimefika jana kutoka Lushoto. Angalau zenyewe zimesafiri.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeingia dukani nikichechemea, na kuchechemea hakukuwa kwa kuigiza. Rachel alikuwepo, kavaa gauni la Krismasi. Wateja wakapiga makofi. Mzee akasoma mita: 132. Akaniminya paja, akatikisa kichwa kwa heshima. Akanusa tope. Akasema udongo wa Soni anaoujua yeye ni mwekundu, huu mweusi. Nikamwambia ni mabadiliko ya tabianchi.

Kisha akasema baiskeli haiingii dukani na uchafu, niioshe. Ammar, aliyerudi na malapa, akaleta ndoo. Nikamwaga maji kwa mbwembwe. Tope likaenda zake, matairi yakabaki.

Tairi jipya hutoka kiwandani na ndevu, vinywele vya mpira vilivyosimama kila upande. Likitembea barabarani, zile za kati zinaisha mapema tu. Miaka kumi na moja namshika mteja kidole na kumpapasisha: jipya hili bosi, ona ndevu. Mzee alinishika kidole, akanipapasisha.

Zilikuwepo zote, mbele na nyuma. Rachel akauliza ni nini hizo. Ammar, na ukweli wake wa kuchosha, akamweleza taratibu. Rachel akachukua kabichi, akaondoka bila kuniangalia. Hilo limeniuma kuliko mapaja.

Ammar ndiye meneja. Aliishia Magamba, kilomita arobaini, akarudi kwa basi, na amesema mwenyewe bila kuulizwa. Wengine hawana haya.

Jumanne, 22 Julai

Mzee ana huruma, hajanifukuza. Anasema Ammar atahitaji msaidizi Ilala, na nafasi ni yangu nikienda Usambara mwezi ujao na kurudi na matairi yaliyotembea. Alirudia mara mbili, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Rachel amesema na yeye anasubiri kuona. Tumekula kabichi jana, tumekula kabichi leo, na hatujazungumza.

Nimeapa mbele yao wote wawili. Nimekaa nikatafakari kwa uaminifu wapi nilikosea, na nimepaona: nilihangaikia kilomita nikasahau ndevu.

Nimempigia Angelina asizirudishe zile kreti. Halafu nimepita dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu, nikanunua nyembe mbili. Mmoja wa tairi la mbele, mmoja wa la nyuma.