Mistari Katika Printa ya Bi Aaltje

Kadi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa supamaketi, kati ya baiskeli inayouzwa na paka aliyepotea: "Printa yangu inatoa picha zenye mistari. Natafuta fundi mwaminifu. Bi Aaltje, ghorofa ya nne, hapa juu ya duka." Rinus Wagtendonk aliisoma, akaibandua, akaitia mfukoni, asije fundi mwingine akamtangulia kwenye riziki yake.

Msimdhanie vibaya. Rinus hakuwa mwizi wa kuvunja milango; milango alifunguliwa. Mtaji wake wote ulikuwa uso: mpana, mpole, uso wa mtu aliyelelewa vizuri. Katika mji mzima wa Amersfoort, kule Uholanzi, hakuna bibi aliyewahi kuukatalia. Kila alipokaribishwa alichapa karatasi moja, akaiinua kwenye mwanga, akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya, kisha akatamka kwamba kichwa cha printa, kile kinachotema wino, kimekufa. Kwa huruma zake alijitolea kuibeba maiti hadi kwenye taka za umeme, bure kabisa. Maiti ikifika kwake, aliisafisha, matundu ya wino yakazibuka, na kesho yake ikauzwa ikiwa hai na buheri wa afya.

Bi Aaltje alifungua mlango kabla kengele haijanyamaza.

"Karibu, bwana fundi. Gari umeliacha wapi?"

"Hapo nyuma, mama."

"Hapo nyuma pazuri," alisema bibi, akabonyezabonyeza simu yake kidogo.

Akamimina kahawa, akafungua kopo la biskuti. Rinus akachukua moja. Hapo ndipo angepaswa kushtuka, maana kwa Waholanzi mgeni hupewa biskuti moja tu kisha kopo hufungwa, na tangu azaliwe hajaona likiachwa wazi baada ya ile moja. Hata mama yake mzazi alikuwa akilifunga. Bi Aaltje aliliacha wazi. Rinus akachukua ya pili, akajiambia kwamba leo kaamka vizuri.

Printa ikakoroma, ikatema karatasi: michirizi myeupe, rangi ya waridi iliyovuja, na katikati doa ambalo huenda ni mtu, huenda ni kabichi.

"Ni nani huyu?"

"Mtu ninayemtafuta sana. Kwaya yetu nzima inamtaka. Nataka aonekane hadi nyusi."

"Ahaa! Mpenzi wa zamani?"

"Wewe nawe! Alikuja kwa mwenzetu, akaondoka na kitu chake."

"Moyo," alisema Rinus, macho yamelegea.

"Kizito kuliko moyo."

Rinus akainua karatasi kwenye mwanga, akavuta ile pumzi yake maarufu. Bi Aaltje akamwahi.

"Kama imekufa sema tu, nimwite mwingine. Wenzangu wote wa kwaya wana printa zenye mistari hii hii. Wameniambia, fundi akiiponya yako, na sisi tunampa zetu."

Pumzi ilirudi ilikotoka. Kwaya nzima! Kwa mara ya kwanza maishani, Rinus akakunja mikono ya shati afanye kazi ya halali.

"Kwanza, mama, karatasi ya picha umeigeuza. Upande unaong'aa ndio unaokunywa wino. Huu wa nyuma unauacha uteleze." Akaigeuza. Akachapa ukurasa wa majaribio. Mistari ikatoka na mapengo kama meno ya mtoto. Akaamuru printa ijisafishe, akasubiri, akarudia. Nyeusi bado ilikuwa na mapengo. Akatoa vibweta vya wino, akafuta kichwa taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, vidole vikawa vya buluu.

"Huitumii, ndiyo maana wino unakauka kwenye matundu. Kila wiki chapa chochote, hata ua."

"Kumbe ni hayo tu? Rafiki yangu Fenna aliambiwa kichwa kimekufa."

Rinus hakuwa na tabia ya kukumbuka majina. "Kimekufa wapi! Matapeli wamejaa, mama."

"Wamejaa kweli," alikubali Bi Aaltje. "Haya, chapa ile picha."

Safari hii printa ilinong'ona tu. Ikatoka kofia ya buluu. Rinus akatabasamu, kwani na yeye anayo ya namna hiyo. Zikatoka nyusi. Tabasamu likaanza kumtoka. Yakafuata macho, mashavu mapana, kidevu, na chini yake printa ya Bi Fenna imekumbatiwa kifuani. Herufi kubwa zikamalizia: UKIMWONA HUYU, USIMFUNGULIE.

"Kamera ya mlangoni kwa Fenna," alisema Bi Aaltje kwa upole. "Picha tulikuwa nayo, tatizo mashine. Nikajiuliza, mjini hapa nani anazijua printa kuliko huyu?"

Rinus akakimbilia dirishani. Gari dogo jekundu lilikuwa limeziba gari lake, na kina mama wa kwaya wamelizunguka wakimpungia mkono.

"Mama, tuelewane. Funguo za gari hizi hapa, printa zilizomo ndani chukueni zote. Ila hiyo picha tuichane."

"Funguo nazipokea, asante. Picha nimeshaagiza nakala za mtaa mzima."

Printa iliendelea kunong'ona. Uso wa Rinus ulitoka tena, na tena, safi, mpole, hauna mstari hata mmoja, na hakuna mlango Amersfoort ambao ungeufungukia tena. Akakaa. Kwa kukosa la kufanya akanyoosha mkono kwenye biskuti.

Bi Aaltje akalifunga kopo.